Nusu Kichwa

Mashine ilizimika ikiwa juu ya sikio la kushoto.
Umeme wa Kirumba hauna adabu,
haujui harusi, haujui msiba.
Nikabaki kwenye kiti cha plastiki,
nusu msusi, nusu mfiwa,
na soko zima linanitazama.

Miaka kumi na tisa nimesuka vichwa vya mji huu:
mabutu, rasta za kuunga, twende kilioni
kwa wenye haraka na wasio na hela,
maharusi wa Pasiansi, wauza dagaa wa mwaloni
ambao nywele zao hunukia jua na samaki
hata uzioshe mara ngapi.
Kichwa changu ndicho kilikuwa bango langu.

Kwetu mwanamke hanyoi hivi hivi.
Kichwa kitupu ni habari ya kaburi,
ukikutana nacho unatoa pole kabla hujauliza.
Ndiyo maana mama mkwe, ng'wana Bugumba,
alinisimamia mlangoni asubuhi:
Unamnyolea nani, na hajafa?

Hajafa. Kwandu yuko hapa, safu ya mbele,
kilemba cha njano,
ameteremka kutoka hospitali ya kilimani kwa miguu yake.
Mwezi wa tatu alikuja kwangu na nywele zake
kwenye mfuko wa rambo,
akaniwekea mapajani. Zishonee wigi, akasema, akacheka.
Nilijaribu usiku kucha.
Zilikatika kila nilipozigusa.

Kwenye ndoo ya dagaa tumeandika kwa mkaa:
KILA MSTARI ELFU MBILI. ZA UTAFITI.
Utafiti wa nini, akauliza Malimi muuza barafu,
si bora tumpe mgonjwa zote akale?
Kwandu akamjibu bila kuinuka:
Dawa yangu ilitafutwa na watu nisiowajua,
wakachungulia hadubini usiku,
labda mmoja wao alikuwa na njaa.
Wa baada yangu atatafutiwa na nani?
Malimi akatoa elfu mbili.
Halafu akatoa barafu.

Sangara wa kilo sita alipigwa mnada,
akanunuliwa, akarudishwa, akapigwa mnada tena,
mara tatu, mpaka macho yakaanza kufifia
na mnunuzi akaambiwa, baba, sasa ondoka naye.

Ndipo umeme ukakatika.
Jenereta ya baa haikuwa na petroli.
Mtoto mmoja alilipa mia tano
aguse upande wa kipara.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji:
methali hiyo nilifundishwa kama tishio.
Kwandu alichovya kitambaa kwenye maji ya ziwa,
akanilowesha upande uliobaki,
akaomba wembe.

Vidole vyake vina ganzi, dawa imevilaza,
hashiki sindano, hafungi kifungo.
Mhoja kinyozi alitaka kumzuia.
Nikasema, mwache.
Alinikata mara mbili, nyuma ya sikio na utosini,
na kila alipokata alisema, pole.
Miezi sita amekuwa mpokeaji wa pole.
Alikuwa anazigawa.

Laki nne na elfu kumi na mbili na mia tano.
Tulihesabu mara mbili kwa tochi ya simu.

Nikirudi nyumbani upepo wa ziwa ulinigusa
mahali ambapo haujawahi kufika.
Wanawake walitua mabeseni yao wanipe pole.
Wa kwanza nilimweleza yote, mpaka sangara.
Wa pili nikafupisha.
Nilipofika Furahisha nilikuwa naitikia tu,
nimeshapoa, mama, nimeshapoa.

Mama mkwe alinitazama, akaingia ndani.
Akarudi na samli kwenye kiganja,
akanipaka kichwa kizima, kimya,
akikwepa mikato.
Wakikuuliza huko njiani, akasema,
sema ni joto.